Kaa wa kuoka kwa tui na korosho

Adui wa chakula hiki ni maji. Rojo ikiwa nyepesi, gamba linageuka bakuli la supu na juu hapashiki rangi. Kwa hiyo umakini unaanza sokoni.

Kwa wageni wanne nunua kaa wanne wa mikoko ya Mikindani, kila mmoja nusu kilo, hai na mzito mkononi. Mbonyeze tumboni, karibu na miguu: pakibonyea, amejivua gamba karibuni na ndani ni maji matupu. Jike mwenye mayai tumboni asinunuliwe kabisa. Usimtumbukize kaa kwenye maji ya moto akiwa macho, atadondosha miguu na maji yataingia kwenye nyama. Mlaze kwanza kwenye barafu saa moja, ndipo umchemshe kwa maji ya chumvi dakika 15.

Akipoa, fungua gamba bila kulivunja, tupa matamvua (yale ya kijivu, marefu kama vidole), chambua nyama hadi ya kwenye magando. Ipapase yote juu ya sinia la bati. Kipande cha gamba kitalia hapo badala ya kulia jinoni mwa mgeni.

Utamu mzito unatoka kwenye korosho. Chukua gramu 150 zilizobanguliwa lakini hazijakaangwa, maana za kukaanga humeza ladha ya kaa. Loweka kwa maji moto nusu saa, chuja, saga na kikombe kimoja cha tui la kwanza mpaka ziwe laini kabisa. Tui la pili pikia wali.

Kaanga kitunguu maji kimoja kwa vijiko viwili vya samli, kilainike tu. Tia saumu, tangawizi na pilipili manga, kisha tui la korosho. Moto uwe mdogo na mwiko usitulie, tui lisije likakatika. Mwiko ukiacha njia chini ya sufuria, epua, changanya nyama na chumvi.

Jaza magamba yaliyosuguliwa, nyunyizia chenga kavu za boflo na samli kidogo. Oka nyuzi 200, dakika 15. Kwa mkaa, weka kidogo chini na mwingi juu ya kifuniko. Ukizidisha chini, gamba huungua na harufu yake hupenya nyama.

Ukijaza asubuhi na kuweka kwenye friji, oka dakika 25 wageni wakishafika. Ndimu ikamuliwe mezani.