Namna ya Kumzoesha Mtoto Mchaguzi Kula Mboga za Majani

Mtoto ambaye akiwa na miezi minane alimeza kila alichowekewa kwenye kijiko anaweza, akishavuka mwaka mmoja na nusu, kuanza kuchomoa kila jani la mchicha kwenye tonge na kuliweka kando ya sahani. Mzazi hudhani kuna jambo limeharibika, ilhali hiyo ni hatua ya kawaida ya ukuaji. Mtoto anapotimiza mwaka mmoja, uzito wake huwa umefikia karibu mara 3 ya ule aliozaliwa nao. Katika mwaka wa pili huongeza kilo 2 hadi 2.5 tu, na kwa sababu hiyo hamu yake ya chakula hupungua. Zaidi ya hayo, kati ya umri wa miaka 2 na 6 watoto wengi hukihofia chakula wasichokifahamu, na uchungu huwakera kuliko unavyomkera mtu mzima. Mnafu na mgagani, ambavyo wakubwa wa Kanda ya Ziwa huvipenda kwa uchungu wake, humpa mtoto wa umri huo sababu mbili za kukataa kwa mpigo mmoja.

Yote yanayofuata hapa yanatokana na mgawanyo wa kazi ulio rahisi kueleza na mgumu kuutekeleza: mzazi ndiye anayeamua kitapikwa nini, kitaliwa saa ngapi na wapi, mtoto ndiye anayeamua kama atakila, na kwa kiasi gani. Nyumba nyingi huendesha mambo kinyume, kwa kumlazimisha mtoto amalize sahani mchana, kisha saa kumi, kwa kuwa hakula, kumwachia achague mwenyewe biskuti na soda dukani.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2023 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku. Kiwango hicho kinajumuisha vyote viwili, kwa hiyo kipande cha papai asubuhi na embe la jioni vinahesabika, na hakuna haja ya kupima kwa mizani. Kwenye sahani anza na kijiko kimoja cha chakula kwa kila mwaka wa umri wake, kwani fungu kubwa la majani humkatisha tamaa hata kabla hajaonja.

Kuanzia jikoni

Kabla ya kulaumu ladha, angalia jinsi mboga inavyokatwa. Mtoto wetu hula ugali kwa mkono, na kidole chake kidogo hakiwezi kubonyeza tonge kiasi cha kushika jani refu lenye maji. Jani huning'inia, humwagika kifuani, au hubaki limegawanyika, nusu mdomoni na nusu nje, jambo linalowafanya wengi watapike. Ondoa mabua magumu na nyuzi za matembele na majani ya maboga, kisha kata majani membamba kabisa, kama wauzaji wanavyoikata sukuma wiki sokoni, na uhakikishe mboga ina mchuzi mzito unaoshikamana na tonge. Nyumba inayofanya hivyo tu, bila kubadilisha kingine chochote, mara nyingi huona tofauti.

Mchuzi mzito kwa maana hiyo ni karanga. Unga wa karanga zilizotwangwa hufunika uchungu, na mafuta yake husaidia mwili kufyonza ile rangi ya njano, iliyojificha pia ndani ya majani ya kijani kilichokolea, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Karanga nzima, hata hivyo, asipewe mtoto aliye chini ya miaka 5, kwa sababu zinaweza kumpalia, na karoti mbichi ngumu nayo ichemshwe kidogo au ikwaruzwe kwanza. Kwa mgagani na mnafu, familia nyingi za kandokando ya ziwa humalizia kwa maziwa, na kwa mtoto hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko kuchemsha mboga na kumwaga maji mara mbili, kwa kuwa maji yanayomwagwa huondoka na sehemu ya vitamini. Magadi, ambayo wengine huyatia ili mlenda au majani ya kunde yalainike haraka, yaachwe: hupunguza vitamini C na baadhi ya vitamini B. Mchicha mchanga hauhitaji zaidi ya dakika 5 hadi 10 motoni. Kisamvu peke yake hakifuati kanuni hiyo, kwani kina viambata vinavyotoa sumu ya sianidi na ni lazima kitwangwe vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu, hata kama njaa inabisha hodi.

Mpangilio wa kuzianzisha mboga una maana. Anza na zenye utamu au zisizo na ladha kali, yaani boga, karoti, viazi lishe vya rangi ya chungwa na chainizi. Fuatisha mchicha na majani ya maboga. Matembele na bamia zije baadaye. Mnafu, mgagani na nyanya chungu ziwe za mwisho. Tumia pia kile ambacho mtoto wa Mwanza amekizoea tangu kuota meno, nacho ni samaki. Dagaa walionunuliwa soko la Mwaloni, wakisafishwa mchanga, wakakaangwa kidogo na kusagwa, huipa mboga ladha anayoitambua. Vilevile mchuzi wa sato unaweza kupikwa na karoti, hoho na bamia zilizokatwa ndogo, mradi miba imeondolewa kwa makini.

Wapo wanaosaga mboga na kuificha ndani ya chapati au uji. Hakuna ubaya katika hilo, lakini lisiwe ndilo jambo pekee, kwa maana mtoto aliyekula boga bila kujua bado hajalijua boga, na siku akigundua ataikagua kila chapati. Mwambie kilichomo.

Wakati wa kula

Chakula kipya kinaweza kuhitaji kuonjwa mara 8 hadi 15, na pengine zaidi, kabla hakijakubalika, ilhali wazazi wengi huhitimisha baada ya mara tatu au nne kwamba mtoto hakitaki. Kwa hiyo mboga iliyokataliwa leo irudi baada ya siku chache, kidogo, pembeni ya kitu anachokipenda, bila maneno mengi. Kuigusa, kuinusa, hata kuionja na kuitema ni hatua halali, na mtoto asikemewe kwa hilo.

Usitoe ahadi ya "maliza mchicha nikununulie soda." Katika majaribio ya mwanasaikolojia Leann Birch na wenzake huko Marekani, yaliyochapishwa mwaka 1984, watoto waliozawadiwa kwa kunywa kinywaji fulani waliishia kukipenda kidogo kuliko awali, kwani zawadi huwafundisha kwamba kile wanacholipwa ili wakile lazima kiwe kibaya. Vitisho na kushikwa mdomo ni vibaya zaidi.

Njaa ya kawaida ndiyo msaidizi mkubwa. Acha saa mbili hadi tatu kabla ya mlo bila maandazi, lambalamba, juisi wala kikombe kikubwa cha maziwa. Chai isiambatane na mlo, kwa sababu inazuia madini ya chuma kufyonzwa, wakati limao lililokamuliwa juu ya mboga, au chungwa baada ya kula, husaidia ufyonzwaji huo. Kuna dakika chache ambazo hazitumiki vizuri katika nyumba nyingi, nazo ni zile ugali unaposongwa na mtoto amesimama mlangoni akilalamika: mpe hapo vipande vya tango au karoti iliyochemshwa, naye atavimaliza huku akisubiri.

Kula pamoja kwenye sinia kuna faida yake, kwani mdogo huiga kaka na dada zake kuliko anavyowasikiliza wazazi, na baba anayesukuma mboga pembeni na kubaki na samaki anafundisha bila kufungua kinywa. Ila kwenye sinia hutajua nani amekula nini, kwa hiyo mdogo awe na kisahani chake katikati ya wenzake.

Jambo jingine ni maneno. Shangazi akifika, mama humwambia mbele ya mtoto, "huyu hali mboga kabisa," naye mtoto huyashika maneno hayo na kuyatimiza. Ni vyema mkubaliane mapema na bibi, na dada anayebaki naye mchana, kuhusu muda wa kula na vitu vya dukani. Bibi aelezwe kwa heshima, tena aombwe kazi maalumu, kwa mfano yeye ndiye awe anaketi na mjukuu kuchambua mboga. Atailinda kazi hiyo kuliko katazo lolote.

Mtoto anayeshiriki huonja kwa urahisi zaidi. Mkienda sokoni Mlango Mmoja au Kirumba, mpe achague kati ya mafungu mawili, wala usimuulize kama anataka mboga au hataki. Wanaoishi kwenye vilima vya mawe wasiache kulima kwa kukosa ardhi: kiroba au ndoo iliyotoboka chini, ikijazwa udongo na mbolea ya ng'ombe, hutoa mchicha wa kuchuma ndani ya wiki 3 hadi 4, muda ambao hata mtoto mdogo anaweza kuusubiri. Mboga za kununua zioshwe vizuri kwa maji safi yanayotiririka, kwani baadhi humwagiliwa kwa maji ya mitaro.

Mpeleke kituo cha afya iwapo uzito wake kwenye kadi ya kliniki umesimama au umeshuka, iwapo anapaliwa mara kwa mara, amepauka viganja, anakula udongo, au amebakiwa na vyakula vichache sana anavyokubali. Hakikisha pia, kwa aliye chini ya miaka 5, kwamba amepata matone ya vitamini A na dawa za minyoo, ambavyo hutolewa kila baada ya miezi sita.

Kuanzia Juni hadi Septemba mvua zinapokosekana, fungu la mchicha hupungua na bei hupanda. Maboga yaliyohifadhiwa na viazi lishe hushika nafasi hiyo vizuri, pamoja na majani ya kunde yaliyokaushwa, ambayo Wasukuma huyaita nsansa. Ukiyakausha mwenyewe, yaanike kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali hupunguza viini vya vitamini A. Kwa mtoto, yatwange yawe unga laini kabla ya kuyatia kwenye mchuzi wa karanga, na uanze na kijiko kimoja kwa sufuria ndogo, kwa kuwa ladha yake ni nzito kuliko ya majani mabichi.