Umepunguza wanga? Jioni ya kuamkia mbio ndefu, kula ugali

Wewe uliyepunguza wanga ili ushuke kilo, na Jumapili unakimbia kilomita 20: usikwepe ugali Jumamosi jioni. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, kiasi cha gramu 400 hadi 500 tu, na kasi yako inategemea akiba hiyo. Mafuta unayo tele, lakini kuyachoma kunakula oksijeni zaidi.

Hili lilipimwa. Mwaka 2017 mtafiti wa lishe ya michezo Louise Burke na wenzake, Australia, walichapisha matokeo ya wanariadha mahiri wa mbio za kutembea. Waliokula wanga kidogo mno kwa wiki tatu walichoma mafuta mengi ajabu, ila muda wao wa kilomita 10 haukuboreka. Wenzao waliokula wanga walipiga hatua.

Mimi siku za kupumzika nakula mayai, mchicha, samaki na parachichi, basi. Jumamosi jioni napakua wali wa kutosha. Alfajiri ndizi mbivu mbili na chai yenye sukari, na nyingine naifunga kwenye leso, naila nikishapita saa moja njiani. Mbio za taratibu za nusu saa hazihitaji yote haya.

Na chumvi, tafadhali! Ukikata wanga mwili hutoa maji na chumvi nyingi, ndiyo kile kizunguzungu cha wiki ya kwanza. Tia chumvi kwenye supu. Anayetumia insulini aongee na daktari kabla ya kubadili mlo wake.