Kumwona Nzohe Pale Saiwa

Abiria ninaowabeba kwa pikipiki kutoka barabara kuu hadi lango la Saiwa huniuliza swali lile lile: "Tutamwona kweli?" Nami huwajibu kwamba inategemea wameamka saa ngapi.

Saiwa ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, kama kilomita za mraba 3 hivi, na ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa kinamasi. Magari hayaruhusiwi ndani. Ni miguu yako na masikio yako.

Lala mjini Kitale. Alfajiri panda matatu ya Kapenguria, mwambie makanga akushushe njiapanda ya Saiwa, halafu chukua boda. Malipo ya kiingilio ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni ya mtandaoni, kwa hiyo yamalize ukiwa mjini, si pale langoni huku unatafuta mtandao na jua linapanda. Vaa sweta, huku kwetu asubuhi ni baridi kweli kweli, na nguo za rangi ya majani makavu. Lile shati jeupe la Jumapili liache kwenye begi. Manukato pia.

Lango likifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, usianze kupiga picha za maua. Nenda moja kwa moja kwenye mojawapo ya minara ya mbao iliyo ukingoni mwa kinamasi. Imejengwa kama ulingo wa kuamia ndege shambani, ila ni mirefu zaidi. Panda, kaa, nyamaza. Nzohe hula mapema na jioni. Jua likishakuwa kali hujilaza ndani ya mafunjo na matete, na hapo hata uwe na darubini ya bei gani, utaona majani tu.

Usimtafute mnyama. Tafuta tete linalotikisika wakati hakuna upepo. Likitikisika, kisha la pili yake, kisha la tatu, kuna mtu anapita. Angalia mbele ya mwendo huo, penye uwazi au maji, ndipo atakapotokeza kichwa. Dume ana rangi ya kahawia iliyokoza na pembe zilizojisokota. Jike hana pembe, na wekundu wake huonekana haraka zaidi kwenye kijani.

Akishtuka hakimbilii nchi kavu kama swala wengine. Huingia majini, akazama mwili mzima na kubakiza pua tu juu. Basi ukisikia chubwi, wengi wenu husema "ameenda" mkashuka mnarani. Msishuke. Yuko pale pale, anawasubiri mchoke. Mshinde kwa subira.

Ukitembea kwenye njia za mbao, inama utazame tope kando yake. Kwato za nzohe ni ndefu na hutanuka sana, ndiyo maana hazami anapokanyaga majani yaliyolala juu ya maji. Alama yake ni vidole viwili virefu vilivyoachana. Huwezi kuichanganya na ya mbuzi. Lakini wewe huna kwato hizo, kwa hiyo usitoke kwenye mbao.

Mchana nenda msituni ukamtafute karasinga, tumbili mwenye ndevu nyeupe na paji la rangi ya chungwa. Huyu naye ana ujanja wake: akihisi hatari hutulia tuli tawini, hasogei. Tazama miti iliyo karibu na maji, uangalie ndevu. Mbega ni rahisi, utawasikia kabla hujawaona, na korongo wenye taji hutua wenyewe kwenye mashamba ya jirani.

Ukimkosa nzohe asubuhi, rudi mnarani kuanzia saa kumi jioni. Mpigie mwendeshaji boda wako mapema akungoje langoni saa kumi na mbili, maana giza huku huingia ghafla na matatu za kurudi Kitale hupungua.