Kujaza risasi za raifo mwenyewe: uchukue baruti ipi na presha inakomea wapi

Nianze na watu wa nyumbani: kama uko Tanzania au Kenya usije ukasoma hapa ukaanza kujaribu chumbani, huko kutengeneza risasi bila kibali ni kesi na sio kesi ndogo. Mi naongelea huku Marekani ambako baruti inauzwa dukani kwa kopo la ratili moja na mtu wa kawaida anakaa gereji kwake anajaza risasi za kuwindia kulungu au za kulengea shabaha. Niko Texas, nachojaza sana ni .308 Winchester na .30-06 (hizo namba ni majina ya aina za risasi za raifo), kwa hiyo mifano mingi itatoka huko.

Risasi ina vitu vinne tu, ganda, praima (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti na kichwa kinachoruka, na kati ya hivyo vinne baruti ndio inayowatesa wageni kwa sababu ukifika dukani unakutana na makopo zaidi ya mia na kila moja lina namba zake.

Kitu cha kuelewa ni mwendo wa kuungua. Chukulia makuti makavu na gogo la mkaratusi, vyote ni kuni, lakini makuti yanawaka puuu yameisha na gogo unapikia maharage. Baruti ya bastola ni makuti. Ya raifo ni magogo, ila magogo yenyewe yanazidiana. Ganda dogo lenye kichwa chepesi linataka ya haraka kidogo maana kichwa kinaondoka mapema na nafasi nyuma yake inapanuka upesi, ukiweka ya polepole kichwa kinatoka mtutuni baruti haijamaliza kazi. Ganda kubwa la mdomo mwembamba na kichwa kizito ni kinyume, kichwa kinasita kuondoka, gesi inarundikana, kwa hiyo unahitaji baruti inayotoa gesi taratibu la sivyo presha inaruka juu kabla kichwa hakijafika popote. Ndio maana .223 wengi wanatumia baruti za H335 au Benchmark, .308 ni Varget, IMR 4064 au H4895, .30-06 unashuka hadi H4350, na zile magnum kubwa, risasi zenye baruti nyingi kama 7mm Remington Magnum, unakuta H4831 au H1000. Baruti ya bastola ndani ya ganda la raifo hiyo sahau kabisa, ganda halijajaa hata robo na bunduki inapasuka usoni kwako.

Kuna mtego wa majina hapo. H4831 na IMR 4831 namba ni moja lakini ni baruti mbili tofauti, ya IMR inaungua haraka zaidi, ukichukua kipimo cha H ukakijaza na IMR umeshavuka mpaka bila kujua. Mi niliwahi kufika mpaka kwenye mizani na kopo lisilo lenyewe, kilichoniokoa ni mazoea ya kusoma kopo kwa sauti kama chizi kabla sijafungua. Ndio maana mezani kwangu linakaa kopo moja tu, na baruti haihami kwenye kopo lake hata siku moja.

Sasa presha. Huku kuna chombo kinaitwa SAAMI, kipo tangu 1926, ndio kinachopanga kila aina ya risasi mwisho wake ni wapi, Ulaya wana CIP. .30-30 ya kizamani inakomea 42,000 psi (ratili kwa inchi ya mraba), .223 ni 55,000, .30-06 ni 60,000, .308 ni 62,000, .270 Winchester ni 65,000. Tairi ya gari yako ina kama 32, kwa hiyo .308 ni karibu mara elfu mbili ya tairi, na inatokea sentimita chache kutoka shavuni kwako. Ukikuta kitabu cha zamani kinasema .308 ni 52,000 usishangilie kwamba zimebaki elfu kumi za kuchezea, hizo ni CUP, kipimo cha zamani cha kuangalia kipande cha kopa, yaani shaba, kimebondeka kiasi gani, 52,000 CUP na 62,000 psi ni mpaka ule ule.

Kipimo cha baruti ya kujaza unakitoa wapi? Kwenye kitabu cha mtengeneza baruti au mtengeneza kichwa, wana mitutu ya maabara yenye vifaa vya kusoma presha, wewe huna. Usichukue kwa jamaa wa klabuni anayekwambia mi nimetumia miaka kumi, yeye ametumia kwenye bunduki yake. Unaanza na kipimo cha kuanzia, kama hakikuandikwa toa asilimia 10 kwenye cha juu, alafu unapanda kidogo kidogo, nusu greni hivi kwa ganda la ukubwa wa .308, risasi tatu mpaka tano kila ngazi, na kila kifurushi unaandika. Greni 7,000 ndio ratili moja, kwa hiyo nusu greni ni punje chache tu, mizani iwe ya kuaminika na uijaribu na uzito wa majaribio kila unapokaa. Kupunguza sana chini ya kitabu nako kuna hatari, baruti ya polepole ikiwa kidogo ndani ya ganda kubwa inaweza kuwaka vibaya na presha ikaruka. H4895 ndio inajulikana kukubali kushuka mpaka asilimia 60 ya kipimo cha juu, hiyo watu wanawajazia watoto wanaojifunza.

Alafu ukibadilisha kitu chochote unarudi chini kuanza upya. Ganda la kijeshi ni nene, nafasi ya ndani ni ndogo, baruti ile ile inaleta presha kubwa. Kichwa cha kopa tupu ni kirefu kuliko chenye madini ya risasi (lead) cha uzito ule ule, kinakula nafasi ya baruti, kwa hiyo kina vipimo vyake. Kichwa ukikiweka mbele mpaka kinagusa mifuo ya mtutu presha inapanda. Ganda lililorefuka, kwa .308 ni likipita inchi 2.015, linabanwa mdomo na haliachii kichwa, likate.

Joto nalo. Waingereza hili liliwasumbua Afrika na India, kodaiti, baruti yao ya zamani, ilikuwa inapandisha presha juani, ndio ukaona .416 Rigby ya 1911 ganda lake ni kubwa vile na mpaka wake ni bar 3,250 tu (bar ni kipimo cha presha wanachotumia CIP) wakati .308 kwa CIP ni 4,150, waliacha nafasi makusudi. Baruti za siku hizi kama Varget na H4350 zinavumilia, lakini risasi zangu zilizokaa ndani ya gari Agosti nzima zilinigandishia bolti, ile komeo ya kufungulia bunduki, na zile zile Januari zilikuwa laini kabisa.

Na hapo kwenye bolti ndio penyewe. Wengi wanaambiwa waangalie praima, ikibonyea bapa basi presha imezidi. Praima inadanganya, nyingine laini zinabapaa mapema, nyingine ngumu hazionyeshi kitu. Bolti kuwa nzito kuinua, alama ya kung'aa ya ejekta (kidude kinachorusha ganda nje) kitakoni mwa ganda, praima kutoboka au kudondoka, ukiona mojawapo ujue mpaka umeshaupita, mara nyingi kwa mbali. Mi naamini zaidi kronografu, kifaa cha kupima spidi ya kichwa: kama kitabu kinasema kipimo cha juu kinatoa futi 2,700 kwa sekunde na wewe unazipata ukiwa bado greni moja chini, na mtutu ni wa urefu ule ule, basi umeshafika, spidi haitoki hewani. Bolti ikigoma usiipige na nyundo ukaendelea na iliyofuata, simamisha, funga boksi, rudi nyumbani uvunje zote za ngazi hiyo na za juu yake kwa ile nyundo ya plastiki ya kutolea vichwa. Vichwa na maganda unavitumia tena, baruti iliyotoka humo mi namwaga kwenye bustani.