Kupogoa tawi nene bila kuujeruhi mti

Mijohoro, mikrismasi na miarobaini mingi ninayoitwa kuitazama Dar es Salaam haikuanza kuugua kwa wadudu. Iliumizwa na panga. Tawi liliegemea bati, likakatwa haraka haraka, na miaka michache baadaye shina limeoza kwa ndani. Tawi hilo hilo lingekatwa mahali pake, mti ungelifunga jeraha wenyewe.

1. Zunguka shina kwanza. Ukiona uyoga mgumu umeota shinani, au udongo umepasuka na kuinuka upande mmoja, usipande: mizizi huenda imeoza. Tawi lililo karibu na nyaya za umeme waachie TANESCO.

2. Chagua wakati. Huku Pwani napendelea Januari na Februari, ili jeraha likauke kabla ya masika, kisha mvua ziupe mti nguvu ya kulifunika. Mwembe usubiri mavuno yaishe. Vaa mikono mirefu, utomvu wake huunguza ngozi.

3. Tafuta kola. Hapa usiharakishe. Pale tawi linapotokea kwenye shina kuna uvimbe wenye mikunjo, mfano wa kola ya shati. Uvimbe huo ni sehemu ya shina, na ndani yake mti hujenga ukuta wa kuzuia uozo. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani, alipasua maelfu ya miti akaonyesha kwamba mti hauponyi sehemu ya ndani iliyoharibika. Huizungushia ukuta na kuotesha tabaka jipya juu yake. Ukiikata kola, umeubomoa ukuta. Ukiacha kisiki kirefu, kitaoza kabla hakijafunikwa.

4. Kata mara tatu, kwa msumeno uliofutwa kwa spiriti. Mkato wa kwanza upitishe chini ya tawi, kama sentimita 30 kutoka shinani, hadi theluthi ya unene. Wa pili uanzie juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, kuelekea ncha ya tawi. Tawi litaanguka bila kuchuna gome la shina. Wa tatu uondoe kisiki kilichobaki, nje kidogo tu ya kola.

5. Usipake kitu. Si oili chafu, si rangi, si saruji. Havizuii uozo, na vingine hufungia unyevu ndani.

Kwa msimu mmoja usiondoe zaidi ya robo ya majani. Na tafadhali usiukate mti kichwa. Machipukizi yanayofuata hushikilia juu juu tu, ndiyo yanayokatika upepo ukivuma.

Baada ya miezi kadhaa kagua ukingo wa jeraha. Gome jipya likiwa limezunguka pande zote, mkato ulikuwa sahihi. Likiwa limeota kushoto na kulia tu, juu na chini pakavu, ulikata karibu mno na shina. Tawi linalofuata sogeza msumeno nje.