Kupima mwinuko wa Greenland ukiwa Moshi

Asubuhi, kabla wingu halijatanda, inua kidole mbele ya Kibo. Fumba jicho hili, kisha lile: kidole kinahama, mlima umetulia. Ndivyo picha jozi zinavyotoa urefu.

Mimi natumia picha za ASTER, chombo cha kupiga picha kilicho kwenye setilaiti ya Terra; ni za bure, pikseli moja ni mita 15 ardhini. Kamera moja inatazama chini wima, nyingine nyuma, na sehemu ileile hupigwa mara mbili kwa tofauti ya dakika moja hivi. Jozi ya siku mbalimbali itakudanganya, maana barafu inatembea.

Picha ikague kwa macho yako. Asilimia ya mawingu usiiamini sana. Wingu juu ya theluji hata kompyuta hulikosea. Na theluji mpya, laini, achana nayo: programu inatafuta alama za kulinganisha, penye weupe mtupu inakuachia mashimo. Mimi hupenda jua la chini, linalotia vivuli kwenye nyufa na matuta.

Kisha Ames Stereo Pipeline, programu ya bure ya NASA ya kugeuza picha jozi kuwa ramani ya mwinuko. Amri zake kwa mfuatano: aster2asp (kuandaa picha), parallel_stereo (kulinganisha jozi), point2dem (kutoa ramani). Hatua ya mwisho weka namba ya mfumo wa ramani: EPSG:3413 kwa Aktiki, EPSG:3031 kwa Antaktika. UTM 37 Kusini, mfumo wa ramani tuliouzoea huku, haifai kule. Parallel_stereo ni nzito, na umeme wetu mnaujua, kwa hiyo laptopu iwe na betri ya kueleweka.

Urefu utakaopata ni juu ya elipsoidi ya WGS84, yaani umbo laini la kihesabu la dunia, si usawa wa bahari. Linganisha na ArcticDEM, ramani ya mwinuko ya Aktiki iliyokwisha tengenezwa, penye miamba, si penye barafu. Ramani yako ikiwa imehama, irudishe mahali pake kwa pc_align, amri nyingine ya programu ileile.