Somo: Kupima ishara za redio za mipigo kwa kichanganuzi cha spektra

Ukipima mpigo wa redio kwa kichanganuzi cha spektra, urefu wa mchoro si nguvu ya mpigo. Kilele cha kweli kinaweza kuwa juu ya usomaji wako kwa desibeli 16, au hata 60, kutegemea RBW (upana wa kichujio cha kifaa) uliyoweka. Kwa hiyo kabla ya kuandika namba yoyote, jua kwanza skrini inakuonyesha picha ipi kati ya mbili: mistari (kila sehemu ya masafa ya ishara ikionekana peke yake) au bahasha (umbo la jumla linalochorwa na miiba, mmoja kwa kila mpigo).

Mfano wetu ni mpigo wenye upana wa mikrosekunde 1, unaojirudia kila milisekunde 1 (PRF, yaani idadi ya mipigo kwa sekunde, ni 1 kHz), kilele chake kilowati 1, yaani +60 dBm (desibeli kulinganisha na miliwati 1). Upana ukiugawa kwa kipindi unapata 0.001, hivyo wastani wa nguvu ni wati 1 tu, desibeli 30 chini ya kilele.

1. Linda mlango wa kifaa

Vichanganuzi vingi huandikwa kikomo cha +30 dBm mlangoni, na miksa (hatua ya ndani inayobadilisha masafa ya ishara) hulemewa mapema kuliko hapo. Peleka nguvu kuu kwenye mzigo bandia (unaomeza nguvu badala ya antena), chukua sampuli kwa kapla ya desibeli 40, kisha ongeza kipunguza nguvu cha desibeli 30. Mlangoni inafika −10 dBm. Weka desibeli 10 za ndani, miksa ipate −20 dBm.

Hapa ndipo wengi huteleza. Wakiona −70 dBm kwenye skrini wanadhani ishara ni dhaifu, wanaondoa vipunguzi. Lakini miksa iko kabla ya kichujio cha RBW, hivyo yenyewe inapokea kilele kizima. Jaribio ni rahisi: ongeza desibeli 10 kwenye kipunguzi cha ndani. Kifaa hufidia chenyewe, kwa hiyo mchoro haupaswi kusogea. Ukipanda zaidi ya nusu desibeli, miksa ilikuwa imelemewa na vipimo vya nyuma vyote ni vya kutupa.

2. Pima muda kwanza

Weka masafa ya kati juu ya ishara, spani sifuri (kifaa kikae kwenye masafa hayo tu na kuonyesha muda), RBW angalau 2/upana (hapa 2 MHz, 3 MHz ni bora), VBW (kichujio kinacholainisha mchoro) isipungue RBW, triga ya video (mchoro uanze mpigo unapofika). Swipu (mpito mmoja wa mchoro) ya mikrosekunde 10 itakupa upana wa mpigo. Ya milisekunde 5 itakupa kipindi. Kwa RBW hii usomaji wa kilele unakaribia sana ukweli, hivyo uandike, utakuwa shahidi wako baadaye.

3. Picha ya bahasha

RBW iwe zaidi ya mara 1.7 ya PRF, lakini isizidi 0.1/upana. Kwetu ni kati ya 1.7 kHz na 100 kHz. Chagua 100 kHz. Spani (upana wa masafa kwenye skrini) 5 MHz, VBW 1 MHz, ditekta ya kilele (inayoshika thamani ya juu kabisa kwa kila nukta).

Muda wa swipu usiuachie kifaa. Kikijipangia kitachagua milisekunde moja au mbili, nawe utaona mwiba mmoja au miwili tu. Kila nukta ya mchoro inahitaji angalau mpigo mmoja: nukta 1001 mara milisekunde 1 ni sekunde 1. Weka sekunde 2.

Tundu kuu (nundu kubwa ya katikati ya bahasha) litaonekana na upana wa 2 MHz kutoka sifuri hadi sifuri, yaani kati ya sehemu mbili ambapo mchoro unashuka kabisa (2/upana wa mpigo), na matundu ya pembeni ya 1 MHz kila moja, la kwanza likiwa kama desibeli 13 chini. Sahihisho la kilele ni 20 log(upana × 1.5 × RBW), ambapo 1.5 ni makadirio ya vichujio vya umbo la Gauss. Kwetu ni −16.5 dB, yaani usomaji uko chini ya kilele kwa kiasi hicho. Ukisoma −26.5 dBm, mlangoni kuna −10 dBm. Ongeza desibeli 70 za nje (40 za kapla na 30 za kipunguzi), unarudi kwenye +60 dBm.

4. Picha ya mistari

RBW chini ya 0.3 ya PRF: hapa 300 Hz au pungufu. Spani 10 kHz inatosha. Mistari itaachana kwa 1 kHz kamili. Sahihisho ni 20 log(0.001), yaani −60 dB.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nitajuaje niko kwenye picha ipi bila hesabu?*
Badilisha muda wa swipu. Miiba ikisogeleana au kuachana, ni bahasha. Isipobadilika, ni mistari. Kisha badilisha RBW kutoka 30 hadi 100 kHz (au 30 hadi 100 Hz kama RBW yako ni ndogo): bahasha hupanda desibeli 10.5, mistari haipandi.

*Sifuri kati ya matundu hazishuki, zimejaa. Kifaa kibovu?*
Punguza RBW kwanza, huenda ni pana mno. Zikibaki zimejaa, masafa yanahama ndani ya mpigo. Matundu ya kushoto na kulia yakitofautiana urefu, kuna mabadiliko ya masafa na ya nguvu kwa pamoja. Chunguza usambazaji umeme wa hatua ya mwisho ya kisambazaji.

*Mpigo wangu ni wa mikrosekunde 0.1 na RBW yangu inaishia 3 MHz. Spani sifuri inanidanganya?*
Ndiyo, ungehitaji 20 MHz. Tumia bahasha kwa RBW 1 MHz. Sahihisho ni lile lile −16.5 dB. Upana upate kwenye tundu kuu: 2 ugawe kwa 20 MHz.

*Na kama kipindi kinabadilika-badilika?*
Achana na mistari, haitatulia. Tumia bahasha, shikilia kilele kwa swipu kadhaa hadi mchoro usijaze tena, na hesabu nukta kwa kipindi kirefu kuliko vyote.